Mbegu za milkiwidi zilikaa friza miezi miwili, haikuota hata moja. Tatizo ni nini?

Mama Neema

Habari zenu wadau. Niko Columbus, Ohio. Nyuma ya nyumba kuna kipande cha mita 3 kwa 4, sasa hivi ni nyasi tupu, kinapata jua kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni. Udongo ni mfinyanzi mzito. Nataka kupanda milkiwidi ya asili ya huku (milkweed, mmea wa utomvu mweupe ambao viwavi wa kipepeo monaki hula) kwa ajili ya vipepeo monaki na nyuki.

Mwaka jana nilitia mbegu kavu kwenye bahasha, zikakaa friza Januari na Februari, Machi nikazisia kwenye trei. Hakuna kilichotoka. Mwaka huu nimepata mwenye shamba aliyeniruhusu kuchuma maganda kwake. Mengine bado ya kijani, mengine yameshapasuka na sufi inapeperuka. Nichume yapi? Zile nyuzi zinatolewaje bila kujaa nyumba nzima? Na hii habari ya baridi hasa inafanywaje, maana nimeambiwa "zipe baridi" nikafanya hivyo.

Mzee Kitalu

Mama Neema, la baridi nawaachia wenzangu. Mimi niseme juu ya kuchuma, kwa sababu mbegu changa hata uzibembeleze vipi hazioti.

Usiangalie rangi ya ganda. Ganda la Asclepias syriaca (ile ya mashambani, majani mapana, ganda nene lenye vijinundu laini) linaweza kuwa la kijani bado na mbegu ndani zimeshakomaa. Angalia mshono. Weka kidole gumba katikati ya mshono, bonyeza taratibu. Ukiachia wenyewe na mbegu ndani ni za kahawia iliyokolea, chuma. Ukiona unahitaji ukucha au kisu, liache, urudi baada ya siku tatu nne. Mbegu nyeupe ikishatoka kwenye mmea ndiyo basi, haikomai mfukoni.

Kwa Ohio msimu unaanza mwishoni mwa Agosti mpaka Oktoba, na maganda ya shina moja hayaivi pamoja, kwa hiyo panga safari mbili au tatu. Kama kurudi ni shida, funga rababendi katikati ya ganda lililokaribia kuiva, au livishe kifuko cha kitambaa chepesi cha wavu, kama vile vya kugawia zawadi harusini. Litapasuka humo humo na sufi haitakwenda popote.

Jambo ambalo wengi hawalijui: usichume yote mahali pamoja. Syriaca hutambaa kwa mizizi chini ya ardhi, hivyo mashina hamsini unayoyaona yanaweza kuwa mmea mmoja. Tena maua yake kwa kawaida hayapokei chavua ya mmea wenyewe. Na chavua ya milkiwidi si unga, husafiri kama kifurushi kinachonasa kwenye mguu wa nyuki, ndiyo maana mbegu za ganda moja mara nyingi zina baba mmoja. Ukipanda bustani nzima kwa ganda moja umepanda ndugu watupu. Afadhali maganda sita kutoka sehemu sita za shamba zilizoachana kuliko ishirini ya kona moja. Ganda moja lina mbegu kama 200, kwa hiyo kwa mita zako 12 za mraba sita yanatosha na kubaki. Mengine yaache shambani, nako kunahitaji kujipanda.

Tumia mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Ganda bichi kwenye plastiki linatoa jasho na ukungu unaingia kwa siku mbili. Yapasue siku hiyo hiyo, kwa sababu ndani huwa kuna kunguni wa milkiwidi, wale wa rangi ya chungwa na nyeusi. Wanatoboa mbegu na kufyonza kiini, na hawaachi kula eti kwa sababu umewahamishia mfukoni. Wakung'ute nje.

Vaa glavu. Ule utomvu mweupe ukiingia jichoni unaumiza utando wa mbele wa jicho, na dalili huja baada ya saa kadhaa, wakati umeshasahau ulishika nini. Ukiingia, osha kwa maji mengi na umwone daktari.

Mwisho, hakikisha ni yenyewe. Apocynum cannabinum nayo ina utomvu na sufi, ila maganda yake ni membamba kama maharage marefu, yananing'inia mawilimawili, na shina lina matawi mengi. Ya hatari zaidi ni Vincetoxicum nigrum, mmea mgeni unaotambaa, ganda laini lisilo na vijinundu. Monaki hutaga juu yake kwa kudanganyika, viwavi vikianguliwa vinakufa. Huo usipeleke mbegu yake popote.

Chavua

Kuhusu sufi: siri ni kuwahi. Ganda likiwa limefunguka sasa hivi tu, nyuzi bado zina unyevu na zimelala pamoja kama nywele zilizochanwa. Toa kile kifungu kizima cha mbegu na nyuzi zake, bana ncha ya nyuzi kwa vidole vya mkono mmoja, kisha kwa gumba la mkono wa pili kwangua mbegu kuelekea chini. Zinadondoka zote, nyuzi unabaki nazo mkononi. Sekunde kumi kwa ganda.

Yaliyokwisha kuchanua tia kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na sarafu tano sita kubwa, tikisa dakika mbili. Mbegu zitashuka chini, sufi itabaki juu, ipakue. Fanya nje siku isiyo na upepo, vaa barakoa. Kuna wanaoichoma sufi ili wabaki na mbegu. Msifanye hivyo, inalipuka kama petroli na mbegu zinaweza kuungua nayo.

(Hiyo sufi ina historia. Kwenye Vita Kuu ya Pili, Japani ilipoiteka Java, sufi ya msufi ikaadimika Marekani. Mwaka 1944 watoto wa shule wakatumwa kuokota maganda ya milkiwidi ili nyuzi zijazie makoti ya kuokolea majini.)

Baada ya hapo tandaza mbegu safu moja juu ya gazeti, chumba chenye hewa, siku 7 hadi 10. Si juani, si kwenye oveni. Nzuri ni bapa, ya kahawia, na ukipapasa katikati unasikia kiini. Nyembamba kama ngozi ya kitunguu, tupa. Msizijaribu kwa kuzitosa majini kama maharage: mbegu ya milkiwidi huelea hata ikiwa nzima kabisa, utatupa mali.

Zikikauka weka kwenye chupa ya glasi, funga, andika aina, mahali na tarehe, tia friji. Zinakaa miaka miwili mitatu bila shida.

Binti Mwangaza

Sasa la baridi, na hapa ndipo ulipoteleza, Mama Neema. Mbegu hizi zinahitaji baridi zikiwa zimelowa. Mbegu kavu ndani ya friza ni kitu kilichowekwa stoo, hakuna kinachoendelea humo. Usingizi wa mbegu unavunjika pale kiini kimekunywa maji na kimekaa kwenye ubaridi wa juu kidogo ya kuganda, nyuzi 1 hadi 5 za Selsiasi, kwa wiki kadhaa. Hiyo ni friji ya kawaida, si friza. Habari njema ni kwamba mbegu kavu haiuawi na friza. Kama zimebaki hizo za mwaka jana, zifanyie hivi:

Loweka saa 24 kwenye maji ya kawaida. Chukua mchanga uliooshwa, vijiko vitatu kwa kijiko kimoja cha mbegu. Lowanisha mchanga mpaka ukiufinya ngumini unashikana lakini hautoi tone. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wanautia maji mpaka unakuwa tope, mbegu inakosa hewa na kuoza. Changanya, tia kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, andika tarehe, weka rafu ya chini ya friji mbali na ukuta unaoganda. Siku 30 kwa syriaca na kwa incarnata (milkiwidi ya sehemu zenye maji). Ukipitiliza mpaka wiki sita hakuna hasara.

Hesabu urudi nyuma kutoka siku ya kuhamishia nje. Columbus jalidi huisha katikati ya Mei. Miche inataka wiki sita hadi nane ndani. Kwa hiyo mbegu ziingie friji katikati ya Februari, zitoke katikati ya Machi kwenda kwenye trei. Funika kwa nusu sentimita ya udongo tu. Joto la udongo liwe nyuzi 24 hadi 29, zitaota kati ya siku 7 na 14. Kwenye chumba cha nyuzi 15 utasubiri hadi ukate tamaa, na huenda trei yako ya Machi ilipata mikosi yote miwili.

Chombo kiwe na kina, angalau sentimita 10. Milkiwidi inashusha mzizi mkuu kabla haijajali majani. Kwenye vitrei vifupi mzizi unajikunja, na ukija kuhamisha unakatika. Mabomba ya kadibodi ya tishu za chooni yanafaa sana, unapanda pamoja nayo.

Mpenda Ukweli

Binti Mwangaza, kuganda hakufai lakini mbegu zilizoko porini si zinaganda majira yote ya baridi na zinaota? Mimi naona friji ni usumbufu. Mwambieni amwage mbegu chini Novemba, Mungu atafanya yaliyobaki.

Binti Mwangaza

Zinaganda, ndiyo, lakini kazi haifanyiki siku zilizoganda. Inafanyika Novemba na Desemba kabla ardhi haijawa jiwe, na tena Machi inapoyeyuka, wakati udongo una maji na uko kwenye zile nyuzi 1 hadi 5. Na porini ganda moja linarusha mbegu 200 ili uje mmea mmoja au usije kabisa. Mwenye maganda sita hana bajeti ya porini.

Ila kusia Novemba ni njia nzuri, sikatai. Tatizo ni neno "kumwaga".

Mzee Kitalu

Naam, hapo kwenye kumwaga. Mbegu iliyomwagwa juu ya nyasi haigusi udongo, inaliwa na ndege au inaoza. Mama Neema, kama unataka njia ya Novemba, anza na hizo nyasi sasa. Zikate pamoja na mizizi yake kwa koleo, unene wa sentimita 5, zitoe. Usilime chini zaidi. Ukipindua udongo unaziamsha mbegu za magugu zilizolala humo miaka mingi, na mwezi wa tano utashindwa kutofautisha kipi ni kipi. Parua sentimita mbili za juu tu kwa reki.

Sia udongo ukishapoa vizuri, katikati ya Novemba kwenda mbele. Ukiwahi Oktoba yenye joto, zile chache zisizo na usingizi mzito zinaweza kuota na jalidi ikazimaliza. Mbegu 40 kwa mita ya mraba, zichanganye na mchanga wenye unyevu ili zisambae sawasawa, kisha weka ubao na uukanyage. Kugusana na udongo ndiko kunakootesha. Fukia nusu sentimita, weka juu wavu wa banda la kuku kuzuia kindi, uutoe Aprili.

Kwa kipande chako mimi ningegawa: nusu ya mbegu nje Novemba, nusu friji Februari. Mwaka mmoja ukikataa, mwingine unakubali.

Na jambo moja kuhusu huo mfinyanzi. Maji yakituama kwako baada ya mvua, Asclepias incarnata ndiyo yako. Inapenda miguu majini, haitambai, na nyuki wanaigombania. Ganda lake ni jembamba, limesimama wima, urefu wa kidole. Syriaca inavumilia mfinyanzi lakini inatambaa, na kwenye mita 12 za mraba baada ya miaka mitatu itachungulia kwa jirani. Ipande upande ambao unaweza kupitisha mashine ya nyasi pembeni yake, ndiyo uzio wake. Tuberosa, ile fupi yenye maua ya chungwa, kwenye mfinyanzi uliolowa mzizi wake unaoza, usijisumbue.

Mwana wa Rhein

Samahani kuingilia. Niko Ujerumani, naweza kuagiziwa mbegu chache za hiyo syriaca?

Chavua

Hapana, ndugu yangu. Tangu 2017 Asclepias syriaca iko kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya mimea vamizi. Kuiingiza, kuiuza, kuisafirisha na kuipanda ni marufuku. Ulaya haina kazi ya kulisha uhamaji wa monaki wa Amerika, na mmea huo huko unameza mbuga. Panda maua ya asili ya eneo lako.

Kipwani

Na sisi tulioko Tanga je? Kuna mmea huku una maganda kama mapira yenye nywele, utomvu mweupe, na vipepeo vya chungwa havibanduki. Ni huo huo?

Chavua

Ni jamaa wa karibu, Kipwani. Hiyo ya mapira ni Gomphocarpus physocarpus, zamani ilihesabiwa humo humo kwenye Asclepias. Kipepeo wako ni Danaus chrysippus, binamu wa monaki, naye hutaga pia kwenye Calotropis procera, ule wa majani manene ya kijivu unaoota sehemu kavu. Utaratibu wa kuchuma ni ule ule wa mshono, lakini sahau friji. Mbegu za joto hazina usingizi wa baridi. Loweka usiku kucha, sia nusu sentimita, zitaota baada ya wiki moja au mbili. Iwe mbali na mbuzi na ng'ombe, ina sumu ya moyo kama ndugu zake wa Amerika. Ile nyingine yenye maua mekundu na manjano kwenye bustani za hoteli, Asclepias curassavica, si ya kwenu. Asili yake ni nchi za joto za Amerika.

Na kwa wa Marekani hiyo hiyo curassavica ndiyo utakayoikuta imejaa madukani. Kusini, kama Texas na Florida, haifi wakati wa baridi, na kimelea cha monaki kiitwacho Ophryocystis elektroscirrha kinajilimbikiza kwenye majani mwaka mzima. Milkiwidi ya asili inakauka, majani yanaanguka na vimelea vyake, mwaka unaanza upya. Dukani uliza pia kama miche ilitiwa dawa za kuua wadudu za jamii ya neonikotinoidi. Zinaingia ndani ya mmea, haziondoki kwa kuosha, na kiwavi akila jani anaweza kufa.

Mama Neema

Asanteni sana, shikamoo Mzee Kitalu. Zile za mwaka jana zilikuwepo bado. Nilizitia kwenye mchanga friji siku ile ile niliyosoma jibu la Binti Mwangaza, kwa majaribio tu. Leo ni siku ya 19. Nimeona utando mweupe wa ukungu, na mbegu mbili zimetoa kitu cheupe kama uzi. Nitupe?

Binti Mwangaza

Usitupe! Ule uzi ni mzizi. Hizo mbili zipande leo, mzizi ukielekea chini, na uzishike kwa mbegu, si kwa mzizi. Ukivunjika mche huenda usipone.

Ukungu mara nyingi unaanzia kwenye vipande vya sufi na mbegu tupu zilizobaki, halafu unyevu ukizidi unasambaa. Mimina kila kitu kwenye chujio, osha kwa maji baridi yanayotiririka, bonyeza kila mbegu kwa kidole. Ngumu ni nzima, iliyolainika na kutoa majimaji tupa. Rudisha nzima kwenye mchanga mpya mkavu kidogo kuliko wa kwanza, siku zinaendelea kuhesabika pale pale.

Miche ikitoka mwagilia kutoka chini, kwenye sinia, na ukishaona nusu imeota ondoa kifuniko cha plastiki. Shina likisinyaa usawa wa udongo na mche ukalala kama umekatwa, hicho ni kinyausi. Hakitibiki. Ng'oa huo mche na udongo wake, weka feni ndogo ipulize polepole, punguza maji. Taa iwe sentimita 5 hadi 8 juu ya majani, saa 14 hadi 16 kwa siku, la sivyo miche inarefuka kama uzi.

Mzee Kitalu

Marahaba, Mama Neema. Hizo mbili za majira haya usizitoe nje, zilee dirishani penye mwanga. Zile za mwakani, kabla ya kuzihamisha zizoeshe nje siku 7 hadi 10, kivulini kwanza. Panda baada ya katikati ya Mei zikiwa na jozi tatu au nne za majani, nafasi ya sentimita 45 hadi 60. Mbolea usitie. Nitrojeni nyingi inaleta majani laini, na majani laini yanaleta vidukari, wale wa manjano, mpaka shina lisionekane. Wakija warushie maji ya bomba asubuhi, ukiangalia kwanza chini ya majani kama kuna mayai ya monaki, kila yai limekaa peke yake, jeupe, dogo kama kichwa cha pini. Dawa yoyote, hata sabuni, inaua na viwavi.

Zile za Novemba utazitambua mwezi wa tano: majani mawilimawili yanayokabiliana, ukikwaruza moja linatoa maziwa. Zisizotoa maziwa palilia.

Mwaka wa kwanza usitegemee maua kwa syriaca, inajenga mzizi, maua huja mwaka wa pili au wa tatu. Incarnata inaweza kukuwahi. Na chomeka vijiti pembeni ya kila mche kabla shina halijakauka Oktoba, kwa sababu milkiwidi huchelewa kuamka. Mimea mingine yote itakuwa imeshachipua Aprili, hapo kwako patabaki udongo mtupu, na ndipo watu wanapochukua koleo kupanda kitu kingine juu yake.